Shibiri Mbili za Ziada

Kitambaa kilipasuka moja kwa moja, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na aliyekipasua ni mimi. Laiti ningekikata vibaya kwa mkasi, tungecheka, tungesema mama amezeeka, macho yameanza kumdanganya. Lakini sikukikata. Nilikitoboa kidogo pembeni kwa ncha ya mkasi, nikaweka mkasi chini, nikashika pande mbili na kuvuta kwa nguvu ya mabega, kraaa, kama ninavyofanya siku zile nyingine. Halafu nikakikunja mara nne, nikakiweka upande wangu wa kulia, na midomo ikawa inasema maneno ambayo siyasemi mahali popote ila kwenye chumba cha maiti.

Ndipo niliposikia kikombe kinawekwa sakafuni. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Aliniletea chai.

Ngoja nieleze, maana mtu asiyetujua hataelewa kitambaa kilichopasuka kiliwezaje kutikisa nyumba nzima. Mimi ni mshonaji. Nina masini, cherehani ya kukanyaga, hapa Mangobo, mtaa wa Kisangani, mbele ya lupango letu, ua wa nyumba zetu, na robe nyingi, yaani magauni, za kartie hii, za Waislamu na za Wakristo, zimepita chini ya sindano yangu. Hiyo ndiyo kazi ambayo watu wananiona nayo. Kazi ya pili haina kibao mlangoni: mwanamke Mwislamu akifariki upande wetu, naitwa mimi kukata sanda. Bibi yangu alikuwa anaifanya, akanifundisha, mikono ikazoea.

Kazi mbili, mikono ile ile, kwa hiyo bibi alinipa sheria. Aliye hai anapimwa kwa metre, ule utepe wa kupimia, kuanzia begani. Nguo yake inachorwa kwa chaki, inakatwa kwa mkasi, inashonwa. Maiti anapimwa kwa shibiri, yaani kwa kiganja kilichokunjuliwa, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo, kuanzia utosini hadi kisiginoni. Halafu unaongeza shibiri moja juu na moja chini, ili kitambaa kiweze kufungwa kichwani na miguuni. Na sanda inapasuliwa kwa mikono, haipiti chini ya sindano. Usichanganye, aliniambia. Sikuwahi kuchanganya. Nilikuwa najisifu kwa hilo, na mimi nikijisifu wananisikia mpaka kona ya pili.

Watoto wa lupango letu wanajua tofauti hiyo kwa masikio. Wakisikia mkasi, wanaendelea na michezo yao. Wakisikia kitambaa kinapasuka, wanazima redio.

Sasa kitambaa hiki kilikuwa bazin nyeupe, nzito, iliyotumwa kutoka Basoko, mji mwingine kando ya mto, na watu wa mchumba wa binti yangu ili nimshonee robe ya nikahi. Nikahi ilikuwa Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, saa nne ya asubuhi, jua kali, watu wanapita barabarani na mizigo yao. Hakuna giza wala mapepo ya kusingizia.

"Mama," akasema, "uko nanipimia nini?"

"Nakupimia robe. Ulifikiri pazia?"

"Robe inakatwa na makasi."

"Makasi iko butu."

Uongo mtupu. Niliunoa Alhamisi, na yeye ndiye aliyenishikia jiwe.

Hakubishana. Alikuja mezani, akakunjua kile kipande, akashika ukingo wake juu ya kichwa chake na kukiachia kianguke mbele ya mwili. Juu kilipita utosi kwa kiganja kizima. Chini kilijikunja sakafuni, mbele ya vidole vya miguu. Alikuwa amenishikia taa mara nyingi nikifanya kazi ile ya pili, hakuhitaji kufundishwa. Nilimwona anaelewa. Uso wake ulilegea kwanza, kisha ukakaza.

"Nimefahamu," akasema.

"Umefahamu nini? Ebu toka hapa na mambo yako! Kitambaa kimepasuka, basi, tutanunua kingine!"

Ndivyo nilivyo. Nikiogopa napiga kelele, na nikiogopa sana natukana. Nilimwambia hana adabu, nilimwambia Basoko imeshamharibu kabla hajafika, na wakati mdomo unasema hayo moyo wangu ulikuwa unagonga mpaka nausikia kwenye meno. Alichukua mkoba wake na simu, akaenda zake. Sikumfuata. Nilikunywa ile chai, sijui kwa nini, mpaka ikaisha.

Ujumbe wake ulifika kabla ya adhuhuri. Aliandika kwamba yuko kwa mama yake mkubwa, yaani dada yangu, ng'ambo ya soko. Nikahi itafanyika Basoko kwa watu wa bwana. Tonton, mdogo wa marehemu baba yake, atashuka naye kumwozesha. Wataondoka na baleinière, boti ya mbao ya abiria, ya Jumatano. Mwishoni aliandika: Usikuje. Sipendi uniguse na ile mikono.

Nilisoma mara tano. Kisheria mimi siyo wa lazima kwenye nikahi, anayehitajika ni tonton. Angeweza kuolewa bila mimi, akakaa mwaka, akazaa, na mimi niko hapa nakanyaga masini. Na huyu ndiye aliyebaki. Mkubwa wake alifariki miaka tisa iliyopita kwa homa ya siku nne, akiwa na miaka ishirini. Huyu mdogo ametimiza ishirini na moja. Amempita dada yake.

Nilikuwa na Jumapili, Jumatatu na Jumanne.

Jumapili nilifanya jambo la kipumbavu, nakiri. Nilifunga mlango wa duka, nikatoa kipande cha zamani cha popelini, na nikaisemesha mikono yangu kwa sauti. "Metre," nikasema, na mikono ikachukua metre. "Chaki." Ikachukua chaki. "Mkasi." Nikakata robe nzima ya mtu asiyekuwepo, mabega, mikono, shingo, bila kosa hata moja. Nikacheka peke yangu. Aka! Ilikuwa uchovu tu, nikajiambia. Mtu anafanya maandalizi ya harusi wiki tatu, halali vizuri, mkono unateleza. Nitakwenda kwa mtoto, nitamwambia mkono uliteleza, tutamaliza.

Basi nikafungua daftari la vipimo ili nione kama bazin iliyobaki itatosha robe nyingine.

Mstari wa binti yangu ulikuwa pale, kwa mwandiko wangu. Kifua. Kiuno. Mkono. Halafu urefu. Ule urefu haukuwa wa robe. Binti yangu si mnara. Ulikuwa urefu wa mtu kutoka utosini hadi kisiginoni, na pembeni yake, kwa kalamu ile ile, nimeandika alama ya kujumlisha na mbili: shibiri moja juu, moja chini.

Nilikaa chini. Nikaikumbuka siku niliyompima, wiki moja nyuma. Nilimsimamisha hapo mbele ya kioo na kuweka metre juu ya nywele zake, na yeye akacheka: "Mama, robe iko na kofia?" Nami nilicheka. Nilicheka na nikaendelea kupima. Kumbe halikuwa jambo la sekunde moja. Lilikuwa linatembea ndani yangu kwa wiki nzima, mchana, macho wazi, natania watu, nanunua samaki, na sikulijua.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mkono ukiteleza unasamehewa. Lakini huu haukuteleza, huu ulipanga. Yule mimi ninayemjua, mwenye kelele, anayetaka mtoto aolewe vizuri na robe ipendeze, alikuwa hajaambiwa kitu. Kulikuwa na mwingine anayetumia vidole vyangu wakati mimi nacheka. Na swali lilinijia ambalo nilitaka kulifukuza kama mbuzi aliyeingia jikoni, halikufukuzika: yule mwingine anamtakia nini mtoto wangu?

Kwa sababu nilikuwa na hasira naye. Niseme ukweli. Mdomoni nilikuwa nasema Basoko ni pazuri, mume ni kijana wa heri, mto ni ule ule. Tumboni nilikuwa nasema: unaniacha. Kuna siku, anakunja nguo zake huku anaimba, nilimtazama nikamchukia kwa muda wa pumzi moja. Mtoto wangu! Kama mkono ulitii ile pumzi moja, basi binti yangu alikuwa na haki ya kuukimbia, na mimi pia ningeukimbia kama ningeweza.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa dada yangu kwa miguu. Sikutaka kupanda moto, ile pikipiki ya abiria, nilitaka njia iwe ndefu. Nilipita sokoni bila kusalimia mtu, mpaka muuza mihogo mmoja akaniuliza kama nimegombana na Kisangani yote.

Yaya, ndivyo ninavyomwita dada yangu, ni mwenzangu katika ile kazi isiyo na kibao. Yeye anaosha, mimi nakata. Tumefanya hivyo miaka mingi, bila kuzungumza sana. Nilimkuta uani anatwanga ndizi zilizochemshwa kwa ajili ya lituma, anapiga kinu kwa mapigo sawasawa. Pazia la mlango wa chumba lilikuwa limeshushwa.

"Iko ndani," akasema bila kuinua kichwa. "Hapendi kukuona."

"Miye ni mama yake."

"Njo maana hapendi."

Ningejibu vibaya siku nyingine. Nilikaa kwenye kibao cha kukunia nazi, pale pale miguuni pake, na niliongea chini ili pazia lisisikie. Nilimweleza daftari. Nilimweleza ile pumzi moja ya chuki, jambo ambalo sikuwahi kumwambia binadamu. Nikamuuliza: "Yaya, weye unaosha batu. Niambie. Mikono inaweza kumuombea mutoto kifo na mama hajui?"

Mchi ulisimama.

"Unakumbuka siku ya mukubwa?" akaniuliza.

"Nakumbuka yote."

"Sema."

Nikasema, na nilisema kwa haraka, maana hadithi hii nilikuwa nayo tayari. Mtoto alifariki asubuhi. Watu walisema mwingine akate sanda, mimi nikakataa, nikasema nimemshonea tangu kitambaa chake cha kwanza na cha mwisho nitakata mimi. Nilikata. Sikulia. Watu walinisifu, walisema huyu mama ana moyo wa chuma, na alizikwa kabla ya alasiri, kila kitu katika utaratibu.

"Ilikuwa fupi," yaya akasema.

"Nini?"

"Sanda ya mutoto. Ilikuwa fupi. Ulipima na metre, tangu kwa bega, kama robe. Tulipomuweka juu yake, miguu ilibaki inje."

Nilimwambia anasema uongo. Nilimwambia ameanza kuchanganyikiwa, uzee umempanda kichwani. Aliniacha nimalize. Halafu akasema, polepole, kwamba wanawake wanne walikuwa ndani ya chumba kile, na wote walitazamana, na yeye akanituma nikachote maji ili nitoke. Nilipotoka alimtuma mwingine dukani kuleta kitambaa kipya, akakipasua yeye mwenyewe. Nilipomaliza kuchota, mtoto alikuwa ameshafungwa. Walikubaliana palepale kwamba sitaambiwa kamwe.

"Hamkuniambia," nikasema.

"Hatukukuambia. Lakini ulijua."

Nilitaka kusema sikujua. Lakini niliona ndoo. Niliiona kabisa, ndoo ya bluu chini ya bomba, imejaa, maji yanamwagika pande zote, yanaingia kwenye ndala zangu, na mimi nimesimama nayatazama wala sifungi bomba. Kwa nini mtu aliyetumwa maji ya haraka anasimama hivyo? Na niliona kesho yake, nafagia kile chumba, nakuta chini ya mkeka kipande cheupe kirefu, kimekunjwa, kitambaa nilichokikata mimi mwenyewe. Nilikichukua, nikakichoma pamoja na takataka. Sikujiuliza kilifanya nini pale. Nikaosha mikono na kwenda kupika.

Nilijua na sikujua. Mtu ambaye halijampata atasema haiwezekani. Inawezekana, na unaweza kuishi hivyo miaka tisa, unakula, unachekesha watu, na watu wanakusifu moyo wa chuma.

"Na jambo ingine," yaya akaendelea. Sasa alikuwa ameacha kinu kabisa. "Tangu siku ile, sanda zako zote zinapita kipimo. Kila mama tuliyemufunga. Nusu metre, wakati mwingine zaidi. Tunakunja, tunakunja, tunanyamaza. Tulisema, acha, njo namna yake ya kulia."

Mungu wangu. Miaka tisa nilikuwa najisifu kwa vipimo vyangu mbele ya wanawake waliokuwa wakikunja makosa yangu kimya kimya. Aibu ilinipanda kutoka tumboni hadi masikioni. Na ndani ya aibu ile kulikuwa na kitu kingine kinalegea, kwa sababu sasa niliuelewa mkono. Haukuwa unamtakia mtu kifo. Ulikuwa unarudia kazi iliyoharibika, unaongeza, unaongeza, unamtafuta mtoto wa kumfunika miguu. Na ukapewa kitambaa cheupe, na msichana wa kimo kile kile.

Pazia lilisogea. Binti yangu alikuwa amesikia; sauti yangu ya chini ndiyo sauti ya juu ya watu wengine. Alisimama kizingitini, macho mekundu.

"Donc, kumbe ile sanda haikuwa yangu," akasema.

"Haikuwa yako. Wallahi, mwanangu, haikuwa yako. Ilikuwa ya mukubwa wako."

Nilidhani atanikimbilia. Nilishafungua mikono. Hakusogea hata hatua moja.

"Na miye, mama? Miye njo nani kwako?"

"Swali gani hilo?"

"Kila alfajiri unasimama kwa mlango wangu. Unafikiri nalala. Silali. Unasimama pale, unasikiliza kama napumua. Tangu niko mutoto wa miaka kumi na mbili. Miye najifanya nalala, navuta pumzi kwa nguvu, ili usikie, ili uende. Njo naenda Basoko. Nampenda bwana yangu, ni kweli. Lakini nataka pia nyumba ambayo hakuna mutu ananiangalia kama nimeshakufa."

Nilikasirika. Hilo ndilo lililokuja kwanza, hasira, nikatamka "Ekie!" na kusimama. Mimi, kusimama mlangoni kwake? Mimi naamka alfajiri kwa ajili ya sala. Napita pale kuchukua mkeka wangu. Mkeka uko... Na hapo nikakwama, kwa sababu mkeka wangu wa sala uko chumbani kwangu, chini ya mto, umekuwa hapo siku zote. Hakuna kitu changu mlangoni kwake. Hakuna sababu ya miguu yangu kupita pale. Yaya alinitazama, akatazama kinu chake.

Nilikaa tena. "Miaka tisa?" nikauliza.

"Kila siku, mama."

Sikuomba msamaha vizuri. Sijui kuomba msamaha, sikufundishwa, na maneno yalitoka kama mawe. Nilisema sikujua. Nilisema hiyo si sababu. Nilimwambia kama anataka kuolewa Basoko, akaolewe, nitakaa hapa na kumuombea, lakini asiende akifikiri kwamba mikono hii inamchukia. Nilimwambia pia ile pumzi moja ya hasira, kwa sababu nilichoka kuficha vitu ambavyo vinajitokeza vyenyewe. "Nilikukasirikia," nikasema, "kwa sababu unaniacha. Hiyo iko ndani pia. Usidanganyike kwamba haimo."

Jirani alikuwa anapiga nyundo kwenye bati, akaacha, akaanza tena. Mwishoni alikuja katikati ya ua, akasimama mbele yangu, mikono imeshuka.

"Nipime," akasema. "Vizuri. Tangu kwa bega. Miye naangalia."

Metre ilikuwa shingoni mwangu. Sikumbuki kuivaa nikitoka nyumbani.

Nimeshona miaka thelathini, na sijawahi kupima mtu kwa hofu kama ile. Kifua, sawa. Kiuno, sawa. Mkono, sawa. Yaya anaandika kwa mkaa ukutani, maana daftari nililiacha. Ukafika urefu. Nilishika ncha ya metre, nikanyoosha mkono wa kulia, nikaona unapanda. Ulipita bega. Ulikuwa unakwenda zake kichwani, kwa upole kabisa, kama mtu anayerudi kwake, na binti yangu aliuona pia, kwa sababu aliacha kupumua.

Nilisimama. Mkono ukasimama hewani karibu na sikio lake.

Sikuukemea. Jumapili niliuamrisha ukanitii kama mtoto mnafiki, kwa hiyo amri haikuwa dawa. Niliusemesha kwa sauti ya kawaida, mbele yao wote wawili, sikuona haya. "Huyu siye," nikasema. "Najua unayemtafuta. Huyu siye. Huyu iko hai." Na nikaushusha. Ulikuwa mzito, sitii chumvi, kama kushusha mkono wa mtu mwingine. Nikaweka ncha ya metre begani kwake, nikabana kwa kidole gumba, nikashuka hadi kwenye kifundo cha mguu, nikataja namba. Yaya akaandika.

Hicho tu ndicho nilichokipata siku ile, na mpaka leo sijapata zaidi. Mkono bado unapanda. Tofauti ni kwamba nauona unapopanda. Yule mwingine ndani yangu hakuondoka wala simtaki aondoke, maana ndiye aliyekaa na mtoto wangu wa kwanza miaka yote hiyo wakati mimi natembea na moyo wa chuma. Ila kufanya kazi gizani bila kunishirikisha, hilo nimemkatalia, na kuna siku ananishinda.

Binti yangu alirudi nyumbani jioni ile, akampigia tonton simu. Nikahi ikabaki Ijumaa, nyumbani kwetu. Nilishona robe siku tatu kwa bazin iliyobaki, na yeye alikaa mbele yangu siku zote tatu kwenye kiti cha wateja, akidai anasoma simu. Alikuwa ananilinda au ananichunga, sikuuliza. Robe ilimkaa vizuri. Watu walikula, walipiga vigelegele, tonton alilia kuliko wanawake.

Alfajiri za wiki ile miguu yangu ilielekea tena mlangoni kwake. Mara mbili niligundua nikiwa njiani na kugeuka. Mara moja nilifika kabisa, na kutoka ndani nikasikia sauti isiyo na usingizi: "Mama, napumua. Enda kusali." Nikaenda kusali.

Jumapili tulishuka kwenye beach, bandari ya mtoni, kuwasindikiza. Baleinière ilikuwa imejaa magunia, magodoro, kuku, watu wanaitana kwa Lingala na Kiswahili, na kapita, msimamizi wa boti, anapiga kelele kwamba mto haumsubiri bibi harusi. Mkwe wangu alikuwa ameshapanda, amenyoosha mkono amshike mkewe. Binti yangu akanigeukia. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimpa dua zote, nilimwambia asinywe maji ya mto bila kuchemsha, nilimwambia mume akimnyanyasa anipigie simu nije na mkasi, wakacheka. "Enda, mwanangu," nikasema. "Enda na heri." Na nilimaanisha.

Lakini hakwenda. Alitazama chini, nami nikatazama. Mkono wangu ulikuwa umemshika juu kidogo ya kiwiko, vidole vimezama kwenye nyama. Mdomo wangu umeshamruhusu, watu wote wamesikia, na vidole havina habari.

Mkwe alitaka kuja kusaidia. "Muache," binti yangu akamwambia. Hakujivuta. Kapita akapiga kelele tena, na yeye akasimama tu pale kwenye matope na viatu vyake vipya, akinisubiri.

Nilileta mkono wa pili. Nikavifungua vidole kimoja baada ya kingine, mbele ya beach nzima, na wachukuzi wakaangua kicheko, wakadhani ni mchezo wa mama wa bibi harusi. Kidole gumba kilitoka kwanza. Kilichofuata kilikuwa kigumu, cha tatu kigumu zaidi. Cha mwisho kilipotoka alinishika uso kwa viganja viwili, akaniangalia, akageuka, akapanda ubao na kuingia ndani ya boti.

Injini ilishika. Boti ikasogea, ikakaa katikati ya maji, ikafuata mkondo kuelekea Basoko. Na hapo nikaanza kulia, kilio ambacho sikukijua, kinanikunja mpaka magoti yakagusa tope. Wanawake walinizunguka, wakaninyanyua kwapani, wakaniambia basi, mama, usilie hivyo, Basoko si mbali, atakuja kwa Idi, atakuja na mjukuu. Niliitikia kwa kichwa. Sikuweza kuwaambia kwamba niliyekuwa namlilia hakuwa ndani ya boti ile.